Kliki: namna ya kurekodi wimbo mmoja wakati kila mwanamuziki yuko mji wake

Mpiga solo yuko Bukavu, mpiga besi yuko Beni, mwimbaji alivuka mpaka na sasa anaishi Kampala. Wimbo ni mmoja, lakini mazoezi ya pamoja hayapo tena. Hali ya namna hii imekuwa ya kawaida kwa vikundi vya muziki vya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, barabara zikawa za mashaka, na wanamuziki wakatawanyika sawa na wakaaji wengine.

Wanapoamua kurekodi hata hivyo, kinachowaunganisha ni kitu kidogo ambacho msikilizaji hatakisikia kamwe: mlio mkavu, tik, tik, tik, tik, unaopita katika kaske za kila mmoja wao. Wenyewe huuita kliki. Ni metronomu ya ndani ya kompyuta. Kliki ikiandaliwa vizuri, gitaa lililopigwa Bukavu siku ya kwanza na sauti iliyoimbwa Kampala siku ya tano hukutana kana kwamba watu hao walikuwa chumba kimoja. Ikiandaliwa vibaya, enjenieri wa sauti atahangaika usiku kucha kukata na kusogeza vipande, na mara nyingi wimbo hurudiwa upya. Kwa kikundi kilicholipa saa za studio kwa dola za kuchangishana, hiyo ni hasara ya kweli.

Tatizo ni kwamba karibu kila programu ya kurekodi huja na kliki iliyo tayari, na wengi huichukua kama ilivyo: mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne kwa kila kipimo, mlio uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Waliotengeneza kliki hiyo hawakuwa wakiwaza sebene.

Kutoka saa ya mbao hadi filamu za katuni

Metronomu si kitu kipya. Johann Maelzel aliichukulia hati ya ubunifu mwaka 1815, ingawa wazo lenyewe lilikuwa la fundi mwingine, Dietrich Winkel wa Amsterdam. Mwaka 1817 Beethoven alitangaza namba za metronomu kwa simfoni zake, na mpaka leo waongozaji wa okestra hugombana juu ya namba hizo, maana baadhi zinaonekana kuwa za haraka mno.

Kliki ya ndani ya kaske ilizaliwa kwingine, katika sinema za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwenye studio ya Walt Disney ilibidi muziki uangukie palepale mguu wa katuni unapogusa chini. Mafundi walitoboa matundu madogo pembeni mwa utepe wa filamu. Kila tundu likipita kwenye mashine lilitoa mlio, nao wanamuziki waliufuata. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: filamu hupita kwa picha 24 kwa sekunde, yaani picha 1440 kwa dakika, tundu moja kila baada ya picha 12 hutoa mapigo 120 kwa dakika. Kompyuta za leo zimebadili vifaa tu. Wazo ni lilelile.

Congo, kwa upande wake, ilijenga muziki wake mkubwa bila kliki. Nicolas Jéronimidis alipofungua nyumba ya kurekodi ya Ngoma mjini Léopoldville mwaka 1948, wanamuziki walikaa chumba kimoja wakitazamana. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo: mtu mmoja na gitaa lake. Mwaka 1960 African Jazz ya Joseph Kabasele ilirekodi "Indépendance Cha Cha" mjini Brussels, kikundi kizima kwa pamoja. Wazee wanaosema kliki inaua muziki wana ushahidi mzuri mkononi, na haifai kuwajibu kwa dharau.

Lakini watu hao walionana. Mpiga besi aliuona mguu wa mpiga ngoma, solo aliuona mdomo wa mwimbaji ukifunguka. Mtu aliye peke yake chumbani Beni haoni mguu wa mtu yeyote.

Sebene haikai mahali pamoja

Rumba ya Kikongo, iliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika mnamo Desemba 2021, mara nyingi huwa na nyumba mbili. Kwanza kuna sehemu ya kuimba, ya utulivu, yenye maneno. Halafu gitaa hufungua mlango wa sebene, batri inabadilika, atalaku anaanza kuita, na watu wanainuka. Katika nyimbo nyingi mwendo nao huongezeka. Tangu vijana wa Zaiko Langa Langa, kikundi kilichoundwa Kinshasa mwishoni mwa 1969, walipoweka batri mbele, na mpiga batri wao Meridjo Belobi akaueneza mdundo wa kavasha, sehemu hiyo ya pili imekuwa ndiyo roho ya wimbo kwa wachezaji.

Sasa ukiweka kliki moja isiyobadilika juu ya wimbo wa namna hiyo, utapata moja ya mambo mawili. Ama sehemu ya kuimba inakimbizwa ili sebene ipate nguvu, ama sebene inabaki nzito kwa sababu mwimbaji alitaka nafasi ya kupumua. Kosa hilo linasikika katika nyimbo nyingi zinazotoka kwenye studio ndogo za miji yetu, na anayelaumiwa ni mpiga batri, wakati yeye alifuata tu kile alichopewa masikioni.

Dawa yake ni kutengeneza ramani ya mwendo kabla ya mtu yeyote kugusa chombo. Tuchukue wimbo wa kawaida. Sehemu ya kuimba ina vipimo 32, ambavyo wanamuziki huviita mezire, kwa mapigo 96 kwa dakika. Kila pigo huchukua milisekunde 625, maana 60 000 ikigawanywa kwa 96 ndiyo hiyo. Kipimo cha mapigo manne ni sekunde mbili na nusu, na vipimo 32 ni sekunde 80. Sebene ina vipimo 64 kwa mapigo 120, yaani sekunde mbili kwa kipimo, jumla sekunde 128. Katikati vinawekwa vipimo vinne vya kupanda, ambapo mwendo hauruki kutoka 96 kwenda 120 bali unapanda kidogo kidogo; hapo ni karibu sekunde tisa. Wimbo mzima ni dakika tatu na sekunde 37 hivi. Kila mmoja anajua hayo kabla ya kulipia saa ya kwanza.

Katika programu ya Reaper, ambayo mtu anaweza kuijaribu siku 60 ikiwa kamili na kuilipia dola 60 kwa matumizi madogo, kazi hiyo hufanywa kwa alama za mwendo. Mshale wa wakati unapelekwa mwanzo wa kipimo kinachohusika, herufi C inabonyezwa pamoja na Shift, na dirisha dogo linauliza mapigo kwa dakika na idadi ya mapigo kwa kipimo. Ndani ya dirisha hilo kuna kisanduku cha kuamuru mwendo upande polepole hadi alama inayofuata. Kinachaguliwa kwenye alama ya mwanzo wa kupanda, si kwenye ile ya mwisho. Hapo ndipo wengi hukosea, kisha wanashangaa mwendo kuruka ghafla.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, na wana haki. Sebene inayopigwa na watu hai haikai 120 tangu mwanzo hadi mwisho. Joto linapopanda, nayo hupanda. Basi kila baada ya vipimo nane mwendo unaongezwa kwa nusu ya pigo: 120, 120.5, 121, na kuendelea hadi 124 mwishoni mwa vipimo 64. Sikio halitambui ngazi hizo. Mwili unazitambua. Kati ya njia zote za kuifanya kliki iache ubaridi wake, hii ndiyo inayogharimu kidogo na kuleta faida kubwa.

Mlio gani, na upigwe wapi

Ramani ikishakuwepo, linabaki swali la mlio wenyewe. Kliki ya kawaida ya kompyuta ni mlio wa juu na mkali, unaochosha sikio baada ya saa moja. Tena unapotea kabisa chini ya matoazi ya batri, kwa hiyo mpigaji anaongeza sauti, halafu anaongeza tena, na anatoka studio masikio yakilia.

Reaper inaruhusu kubadili hayo yote. Kubonyeza alama ya metronomu kwa upande wa kulia wa panya hufungua mipangilio: sauti ya pigo la kwanza, sauti ya mapigo mengine, ukali wake, vipimo vya kuhesabia kabla ya kuanza, na nafasi ya kuweka faili la sauti lako mwenyewe. Faili hilo laweza kuwa kitu chochote kifupi. Vijiti viwili vya mbao vikigonganishwa mbele ya mikro hutosha. Chupa ya soda ikigongwa kwa kijiko inafanya kazi vizuri ajabu, kwa sababu mlio wake haufanani na chombo chochote cha kikundi. Jambo la muhimu ni kwamba mlio uanze palepale faili linapoanza. Kimya cha milisekunde 30 kilichobaki mbele ya mlio kitamfanya kila mwanamuziki achelewe kwa milisekunde 30, na hakuna atakayejua sababu.

Kuna tofauti nyingine inayofaa kueleweka. Metronomu ya programu husikika tu, haimo ndani ya wimbo. Ili kuitumia kama kitu halisi, Reaper ina amri iitwayo "Click source" katika menyu ya "Insert": inaweka kliki juu ya mstari wake yenyewe, kama chombo cha kawaida. Mstari huo unaweza kupelekwa kwenye kaske za mpiga batri peke yake na usimsumbue mwimbaji. Unaweza kupunguzwa sauti mahali pamoja na kuongezwa pengine. Unaweza kugeuzwa faili na kutumwa. Tena unafuata ramani ya mwendo wenyewe, bila kupangwa upya.

Sasa, upigwe wapi? Kliki ya mapigo manne yaliyo sawa ni lugha ya muziki wa kijeshi na wa dansi za Ulaya. Rumba ilikua pamoja na santuri za Kuba zilizofika Congo tangu miaka ya 1930, nayo ina mfupa mwingine: klave, mapigo matano yasiyo na nafasi sawa kati yao. Mpiga gitaa aliyezoea kulala juu ya klave akipewa tik nne zilizo sawa hujikuta akipigana nazo.

Kwa watumiaji wa FL Studio, jibu liko machoni kila siku. Ubao wake wa hatua una visanduku 16 kwa kipimo kimoja. Sauti ya vijiti ikiwekwa katika visanduku vya 1, 4, 7, 11 na 13, hiyo ni klave ya tatu kwa mbili. Chini yake inawekwa sauti nyingine ya chini na nyepesi katika 1, 5, 9 na 13, kwa ajili ya wasiotaka kupotea. Klave kwa wapiga gitaa, mapigo manne kwa mwimbaji: hakuna sheria inayolazimisha kikundi kizima kusikia kliki moja, mradi zote mbili zinatoka kwenye ramani moja.

Nyimbo za mapigo sita kwa kipimo, ambazo ni nyingi katika korali na katika ngoma za asili, zina mtego wake. Programu nyingi huhesabu mwendo kwa noti ya robo hata kama wimbo hauhesabiwi hivyo. Mwalimu wa korali anayesikia mapigo mawili makubwa kwa kipimo, kila moja likibeba matatu madogo, kwa mwendo wa 80, akiandika 80 katika programu atapata wimbo wa mazishi. Inabidi aandike 120, yaani 80 mara moja na nusu. Baada ya hapo afute mlio kwenye mapigo madogo na kubakiza la kwanza na la nne, la sivyo waimbaji watasikia mvua ya tik zisizo na maana.

Asiye na Reaper wala FL Studio ana Audacity, ambayo ni ya bure kabisa. Katika menyu ya kuzalisha sauti kuna chombo cha mdundo: mtu anaandika mwendo, idadi ya mapigo kwa kipimo na idadi ya vipimo, kisha anachagua mlio, kengele ya ng'ombe ikiwemo. Haijui kupanda polepole. Lakini vipande viwili, cha 96 na cha 120, vikizalishwa kimoja baada ya kingine, vinatosha kwa wimbo usio na madaraja mengi.

Sauti ya mtu ndani ya kliki

Jambo moja dogo huokoa saa nyingi: kurekodi sauti ya kuongoza juu ya mstari wa kliki. Mtu mmoja wa kikundi anahesabu kwa mdomo, "moja, mbili, tatu, nne", kabla ya wimbo kuanza, halafu vipimo viwili kabla ya kila badiliko anasema: "korasi", "ubeti wa pili", "tunapanda", "sebene". Mpiga besi aliyeko Beni hawezi kuangalia ishara ya mkono wa kiongozi, basi kiongozi anamwambia sikioni. Ni vizuri sauti hiyo iwe ya mtu anayefahamika kwa kikundi, na iseme kwa lugha ambayo kikundi hutumia mazoezini, Kiswahili, Lingala au Kifaransa. Zipo sauti za Kiingereza zilizotengenezwa tayari kwa kazi hii. Kwa mtu anayeingia kwenye sebene, neno la kigeni katikati ya shughuli ni sawa na kupigiwa honi.

Wakati mwingine mtu ndiye anayetangulia

Kuna nyimbo zisizokubali kupangwa mapema. Mzee anayeimba na gitaa lake, anayevuta neno pale linapouma, hafai kufungiwa tik za kompyuta. Angepoteza kile kilichofanya watake kumrekodi. Kwa hali hiyo kazi hugeuzwa kichwa chini: mzee anarekodi huru, bila kliki, kisha kliki inatengenezwa kumfuata yeye. Fundi anasikiliza na kuweka alama kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, moja baada ya nyingine, na programu inahesabu mwendo wa kila kipimo peke yake. Kipimo kimoja kitakuwa 91, kinachofuata 93.4, kingine 89. Mwishoni kuna kliki inayopumua pamoja na mzee, na mpiga besi wa mbali anaweza kumfuata bila kumjua.

Onyo moja tu. Kabla ya kuweka alama ya kwanza, mstari wa sauti ya mzee lazima ufungwe kwenye wakati wa saa, usifungwe kwenye mapigo. Usipofanya hivyo katika Reaper, kila alama mpya itasukuma sauti iliyorekodiwa, na kazi ya jioni nzima itageuka uji.

Kazi hii inachosha. Wimbo wa dakika nne unaweza kumla fundi nusu siku. Ndiyo maana studio nyingi huikwepa na kumlazimisha mzee kufuata 100 isiyobadilika. Matokeo husikika mara moja.

Kaske, waya na kliki inayovuja

Kliki nzuri inaweza kuharibiwa na kaske mbaya. Kaske zilizo wazi huachia mlio utoke, mikro ya mwimbaji inaunasa, na hapo wimbo mpole unaisha na tik mbili zinazosikika wazi juu ya pumzi ya mwisho. Kaske za kufunga sikio zinapunguza. Lakini dawa bora iko kwenye mstari wa kliki wenyewe: sauti yake ishushwe katika sehemu za kimya, na ikatwe kabisa mara noti ya mwisho inapopigwa. Mlio wa chini na mfupi huvuja kidogo kuliko ule wa juu unaolia kama kengele.

Kaske za Bluetooth ziachwe nyumbani. Mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Katika sebene ya mapigo 120, robo ya pigo ni milisekunde 125. Yaani mpigaji anaweza kuwa nyuma kwa kisanduku kizima cha ule ubao wa hatua, huku akijisikia yuko sawa kabisa.

Hata kwa waya, kompyuta ina uchelewaji wake. Hifadhi ya muda ya sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 48 000 kwa sekunde, ni milisekunde 21. Ikishushwa hadi 256 ni milisekunde tano hivi, kiasi ambacho mpigaji hasumbuki nacho. Kompyuta dhaifu zitalalamika kwa kukwaruza. Basi wakati wa kurekodi programu nyingine zote zifungwe, na vikolezo vya sauti vizimwe hadi wakati wa kuchanganya.

Faili zinaposafiri

Sehemu ya mwisho ndiyo inayowaumiza wengi, maana hapa mega zinahesabiwa. Faili la WAV la wimbo wetu wa dakika tatu na sekunde 37, kwa upande mmoja, biti 24 na sampuli 48 000, lina karibu megabaiti 31. Likigeuzwa MP3 ya kilobiti 128 linakuwa megabaiti tatu na nusu. Kishawishi kinaeleweka. Lakini MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni mwa faili, na kimya hicho hutofautiana kati ya programu na programu. Kliki iliyotumwa kwa MP3 huweza kufika imechelewa kabla hata haijasikika. FLAC ni njia ya katikati: inapunguza uzito bila kupoteza chochote. Na katika WhatsApp faili litumwe kama hati, lisitumwe kama sauti, la sivyo programu hiyo italikamua yenyewe.

Njia nyepesi kuliko zote husahaulika: ramani ya mwendo peke yake inaweza kutumwa kama faili la MIDI, lenye kilobaiti chache tu. Reaper inaruhusu kuitoa hivyo. Aliyeko mbali anaifungua katika Cubase au Logic, na alama zote za mwendo zinajipanga. Anatengeneza kliki yake mwenyewe, kwa mlio anaoupenda, na inakuwa sawa na ya wenzake.

Kila faili lianze sekunde sifuri, hata kama mpiga solo anaingia kwenye kipimo cha 37. Kimya cha mbele kina kazi yake. Kasi ya sampuli ikubaliwe mapema, 44 100 au 48 000, kwa sababu faili la 44 100 likichezwa kwa 48 000 bila kugeuzwa hupandisha 96 hadi zaidi ya 104, na gitaa linapanda noti moja na nusu ya zile nyeusi na nyeupe za kinanda. Na mafundi wenye uzoefu huacha tik moja kali mwanzoni kabisa mwa kila faili, kama kibao cha sinema. Zikipangwa tik hizo moja chini ya nyingine, kila kitu kimekaa mahali pake, hata umeme ulipokatika katikati na kazi ikarudiwa kwenye kompyuta nyingine.

Kikundi kilichotengeneza kliki yake kwa ajili ya studio huwa tayari nayo kwa jukwaa au kwa ibada. Faili moja la pande mbili linatosha: kliki na sauti ya kuongoza upande wa kushoto, vyombo vilivyokosekana upande wa kulia. Waya wa kugawa, ule unaouzwa sokoni kwa bei ndogo, unapeleka kushoto kwenye kaske za mpiga batri na kulia kwenye meza ya sauti. Besi ya aliyeko Beni inasikika kanisani, na mpiga batri anaifuata bila kukosa. Hata simu inatosha kuicheza, mradi iwe imewekwa katika hali ya ndege, maana mtu akipiga katikati ya wimbo, korali nzima na waumini wote wataisikia ikilia kwenye spika.